Nilikwenda Mafunzoni na Mtoto Mgongoni

Barua ya mafunzo ilinikuta nikiwa na mtoto wangu wa tatu, wa miezi mitano. Ililetwa na mtu wa pikipiki, imekunjwa mara nne, na jasho la mfuko wake limefuta nusu ya jina langu. Wakati huo nilikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya upande wa Lushebere, huko Masisi, chini ya kambi ya watu waliokimbia vita. Barua ilisema niende Walikale kwa siku sita, kujifunza mambo ya mabadiliko ya tabianchi, mazingira na afya ya watu. Niliisoma nimesimama, mtoto akivuta kalamu iliyoning'inia shingoni mwangu, nikacheka peke yangu. Miaka ile watu wa kwetu walikuwa wakilala na viatu miguuni. Nani alikuwa na nafasi ya kuuliza habari za joto na mvua?

Lakini kulikuwa na jambo lililonikera, na sikuwa nimemwambia mtu. Nilipoanza kazi, watoto wa vilima vya juu waliletwa kwetu na kikohozi na vichomi. Malaria ilikuwa ugonjwa wa mabondeni, wa upande wa msitu. Ukimtajia mama wa mlimani, alikuwa akitikisa kichwa: kwetu kuna baridi, mbu hawapandi. Na sasa, kila msimu wa mvua, kipimo kilikuwa kinaonyesha malaria kwa watoto wa huko huko juu. Nilijiambia wameambukizwa na wakimbizi waliopanda nayo kutoka chini. Nilijiambia hivyo kwa sababu jibu hilo halikunipa kazi yoyote.

Jioni nilimwonyesha mume wangu ile barua. Alikuwa ameketi mlangoni anachagua mbegu za viazi.

"Uende," akasema.

"Na mutoto?"

"Mutoto ataenda na maziwa yake." Akainua kiazi kimoja, akakitazama macho yake, akakiweka upande wa mbegu. "Kama angekuwa anakula viazi, ningebakia naye."

Safari ilichukua siku mbili kwa pikipiki, kutoka vilima vyetu hadi ndani ya msitu. Mvua ilitukuta mahali pasipo na nyumba. Mwendesha pikipiki alivua koti lake la mvua, akalifunga upande mmoja kwenye usukani na upande mwingine kwenye tawi, akaniambia, "Nyonyesha, mama. Pikipiki haina haraka." Kisha akasimama mvuani akiwa ametugeuzia mgongo, hadi mtoto alipotosheka. Kwenye vizuizi vya barabarani yeye ndiye aliyejibu maswali, mimi nikatazama chini na kumpapasa mtoto. Nilipomshukuru tulipofika, aliona haya, akajifanya anakagua mnyororo.

Walikale ilinipokea kwa joto. Sisi watu wa Masisi tumezoea kuamka na moshi wa ukungu mdomoni. Kule jua la saa tatu asubuhi lilikuwa tayari limenikalia mabegani. Nilipangiwa kulala kwa mama mmoja mfanyabiashara, mwenyeji wa upande wa Butembo, aliyekuwa na duka la chumvi, sabuni na vitambaa vya vikwembe, na lori moja lililokuwa likienda Mubi na kurudi. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti kubwa, rozari imezungushwa kwenye mkono, mjane asiye na mtoto nyumbani. Alimtazama mwanangu aliyefungwa shali mbili za sufu, akapiga makofi.

"Yesu! Munataka kumupika? Fungua, fungua. Uyu ni mutoto wa baridi, hapa tutamufundisha kuwa uchi."

Akamvua mwenyewe. Mtoto akarusha miguu, akacheka, nami nikajua tumefika kwa watu.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa parokia. Tulikuwa watu kama ishirini: wauguzi, watu wa usafi na vyoo, walimu wachache, wasimamizi wa kambi. Mwalimu wetu alikuwa ametoka Goma, mtu mwembamba mwenye miwani, shati limenyooshwa kama la siku ya ndoa. Alinisimamisha mlangoni asubuhi ya kwanza.

"Mama, karatasi inasema watu walioitwa ku formasyo peke yao."

"Papa, uyu bado ananyonya."

"Ninaona. Lakini mutoto akilia mumoja, ishirini hawasikii tena. Munisamehe."

Hakusema kwa ukali. Aliposema aliangalia pembeni. Hata hivyo nilihisi uso umeniwaka. Mama wa duka alikuwa amenisindikiza. Akamchukua mtoto mgongoni mwangu, akamfunga mgongoni mwake, akaniambia nisome vizuri, kwa kuwa yeye hakusoma. Duka halikuwa mbali, lakini kwangu siku ile lilikuwa ng'ambo ya dunia.

Somo la kwanza lilikuwa la mvua. Mwalimu alieleza jinsi majira yanavyosogea, jinsi mvua zinavyokuja nyingi kwa siku chache badala ya kunyesha kidogo kidogo, na kwa nini mlima uliokatwa miti unaporomoka. Nilikuwa naandika. Nilikuwa naandika vizuri kabisa, hadi mahali fulani nyuma ya ukumbi mtoto wa mtu akalia njiani, na maziwa yangu yakashuka. Yalilowesha blauzi pande zote mbili. Nilifunika kifua na daftari, nikainama, machozi yakanitoka kwa aibu. Jirani yangu, muuguzi mwanamume wa upande wa Mubi, alivua koti lake akaliweka mabegani mwangu huku akiendelea kutazama ubao.

Mwalimu aliona. Alisema sentensi mbili zaidi kuhusu mvua, akatazama saa yake. "Pozi, mupumzike," akatangaza. "Dakika makumi tatu."

Watu walishangaa, kwa kuwa tulikuwa tumeanza muda mfupi tu uliopita. Mimi nilikimbia dukani kwa mtoto. Na kuanzia siku ile, kila baada ya saa moja na nusu, mwalimu alitoa mapumziko, hata kama yuko katikati ya jambo.

Siku ya tatu ndipo alipofika kwenye malaria. Alichora mlima ubaoni, akachora mbu chini, kisha mishale inayopanda. Joto likiongezeka kidogo tu, alisema, mbu anapata makao mahali ambapo zamani baridi ilimwua. Nilivumilia kidogo, kisha nikainuka.

"Papa, kwetu haiko joto njo ilileta malaria. Ni vita. Watu wanakimbia ku bonde, wanapanda kwetu, malaria iko mu damu yao."

Watu wakainamia madaftari yao. Neno vita halikuwa linasemwa kwa sauti mbele ya watu usiowajua. Mwalimu aliweka chaki chini.

"Unajua je?"

"Niko naona kila siku."

"Unaona nini, mama? Wale watoto wa malaria, ulishaulizaka walizaliwa wapi? Walishuka bonde lini? Ao hawajashukaka hata siku moja?"

Sikuwa nimeuliza. Miaka yote ile nilikuwa nikiandika jina, umri, kipimo, dawa.

"Basi, weye haujui, na mimi sijui," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu. "Hii karatasi yangu inasema mambo ya inchi mingi. Ya Lushebere haisemi. Weye njo utakuja kutuambia."

Fundi mmoja wa vyoo aliinua mkono, akasema kambini wanachimba udongo wa kukandika nyumba, na yale mashimo yanajaa maji. Je, mbu wa mashimo ni wa joto au wa vita? Watu walicheka. Mwalimu alirudi ubaoni akachora mashimo pia. Nilikaa chini nikiwa na aibu na furaha pamoja. Nilikuwa sijawahi kuambiwa na mtu aliyesoma kuliko mimi kwamba kuna jambo ambalo mimi ndiye nitakayemjulisha.

Siku ya sita tulipaswa kuagana. Badala yake, asubuhi ile risasi zilisikika mbali upande wa barabara ya kwetu, na hadi saa sita habari zilikuwa zimefika: hakuna anayepita, hakuna anayetoka. Simu hazikushika. Nilikuwa na mume na watoto wawili wakubwa upande ule, na sikujua walikuwa wapi. Nilikaa juu ya gunia la chumvi dukani, nikashindwa hata kulia. Mama wa duka alikuja akakaa karibu nami, gunia likabonyea.

"Mume wako ni muntu wa akili?"

"Ndiyo."

"Anajua kukimbia?"

"Anajua."

"Basi amekimbia na batoto. Kula sombe." Akanisogezea sahani ya hayo majani ya muhogo.

Tulikaa siku kumi na moja zaidi. Mwalimu angeweza kubaki chumbani kwake parokiani akasubiri kama sisi. Lakini kesho yake alikuja ukumbini saa mbili kamili, shati lilelile, sasa bila pasi, akasema karatasi zake zimekwisha, kwa hiyo kila mmoja wetu atafundisha anachokijua. Fundi wa vyoo alitufundisha kuchagua mahali pa kuchimba mlimani ili mvua isishushe uchafu hadi kwenye chemchemi. Mimi nilifundisha kumtazama mtoto mchanga anavyopumua: kifua, shingo, pua, kabla hujagusa chombo chochote. Siku hiyo mwalimu mwenyewe alisema, "Mulete ule mutoto, tumuangalie." Mwanangu akalazwa mezani mbele ya watu ishirini, akawatazama mmoja mmoja, akakojoa juu ya daftari la mwalimu. Tulicheka mpaka padri akachungulia dirishani.

Siku mbili baada ya hapo mwanangu aliamka na homa.

Nimetibu homa nyingi sana. Mikono yangu inajua kazi hiyo hata nikisinzia. Lakini asubuhi ile, mwanangu akiwaka mapajani mwangu, sikukumbuka chochote. Nilishika kipimajoto nikasahau kinawekwa wapi. Alikataa ziwa. Kisha macho yake yakapanda juu, na mkono mdogo ukaanza kutetemeka wenyewe. Nilipiga yowe. Mama wa duka alimnyakua, akatoka barabarani bila viatu, nami nyuma yake, tukakimbia hadi hospitali. Wateja waliachwa wamesimama dukani na hakuna aliyegusa kitu. Baadaye alikuta wamefunga milango wenyewe.

Ilikuwa malaria. Mtoto wa baridi, ambaye damu yake haikuwahi kukutana nayo. Walimchoma sindano, degedege likatulia, lakini viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Daktari akasema damu imepungua sana, anahitaji kuongezwa leo. Nilinyoosha mkono wangu palepale. Mpima damu alirudi akitikisa kichwa: yangu hailingani na yake.

Nilipotoka nje ya maabara nilikuta ukumbi mzima. Sijui nani aliwaambia. Walikuwa wamepanga mstari ukutani, na madaftari mikononi: muuguzi wa Mubi, fundi wa vyoo, walimu, na mbele kabisa mwalimu wetu, mikono ya shati amekwishaikunja. Yeye alipimwa wa kwanza akakataliwa. Wakapimwa wengine. Mama wa duka alikuwa akizunguka zunguka, miguu bado mitupu.

"Na mimi?" akauliza. "Hakuna anayeniuliza. Niko na damu mingi, muone ginsi niko!"

Yake ndiyo iliyokubali. Walipothibitisha kuwa haina ugonjwa, alilala kitandani, akageuza uso ukutani kwa kuogopa sindano, mtu aliyekuwa akigombana na madereva wa malori bila kupepesa. Nilimshika mkono wa pili. Alisali kwa lugha yake ya nyumbani. Kifuko kidogo cha damu kilipojaa, alikiangalia kwa mshangao.

"Njo hiyo tu? Mungeongeza."

Damu iliingia kwa mtoto tone kwa tone, mchana wote. Mimi nilikaa upande mmoja, mwalimu akaja akakaa kwenye benchi upande wa pili, mkoba wangu mapajani mwake, maana nilikuwa nimeuangusha mahali naye ameuokota.

"Niko na wa miezi mine," akasema mwishoni. "Ku Goma. Nilimuacha iko na wiki mbili. Kila kazi inanipeleka mbali." Akavua miwani akaifuta. "Siku ile ku mulango, nilikukatalia sababu nilijua nikimusikia mutoto akilia, sitaweza kufundisha."

Saa kumi hivi viganja vya mwanangu vilianza kuwa na rangi. Midomo ikafuata. Alifungua macho, akatafuta, akaniona. Nilimpa ziwa naye akalishika, akavuta, na nilisikia kila mvuto hadi nyayoni. Aliposhiba nilimwuliza mwalimu kama anataka kumbeba kidogo. Alimpokea kama mtu anayepokea maji kwa viganja, akaenda naye hadi dirishani, akasimama pale akimwonyesha mbuzi waliokuwa uani. Mama wa duka, aliyekuwa amekaa sakafuni akinywa chai ya sukari nyingi, akatangaza kwa chumba kizima:

"Sikieni bote. Uyu mutoto wa Masisi sasa iko na damu ya Butembo. Muntu akimusema vibaya, ananisema mimi."

Katika miaka ile ambayo watu walikuwa wakiulizwa kabila kabla ya kuulizwa jina, alisema hivyo, na wagonjwa wa vitanda vingine wakapiga makofi.

Barabara ilipofunguliwa, tuliagana bila sherehe. Hakuna aliyekumbuka vyeti. Nilirudi kwa pikipiki hadi nyumbani nikakuta mlango umefungwa kwa kamba na shamba limekanyagwa. Nilimpata mume wangu kambini, kwenye kibanda cha mjomba wake, akiwa na watoto wote wawili. Walikuwa wamelala porini siku tatu. Alimchukua mdogo, akampima kwa mikono, akaniangalia.

"Amekuwa mwepesi."

Nilimweleza yote pale pale, tumesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapasha maji, akamwogesha mtoto mwenyewe, polepole, kidole kwa kidole, huku akimwimbia kwa Kihunde. Na mimi nililala usingizi juu ya mkeka nikiwa bado na viatu.

Tangu wiki ile nilianza kuuliza. Kila mama aliyeleta mtoto mwenye malaria nilimwuliza: mtoto alizaliwa wapi, alilala wapi mwezi huu, alishuka bonde lini. Ilichukua misimu miwili ya mvua. Walikuwepo waliotoka nayo chini, kama nilivyodhani. Lakini walikuwepo pia, na hawakuwa wachache, watoto wa kileleni ambao hawajawahi kuvuka hata mto wetu. Niliandika barua ndefu kwa mwalimu. Nikaandika kwamba yeye alisema kweli, na mimi nilisema kweli, na fundi wa vyoo na mashimo yake naye pia. Alinijibu kwamba barua ile ameisoma mbele ya wakubwa wake, na kwamba mtoto wake amejifunza kutembea naye akiwepo nyumbani.

Vyandarua vilifika baadaye sana, na havikutosha. Kabla ya hapo tulifanya salongo, kazi ya kujitolea, watu wa kambi na wenyeji pamoja, tukafukia mashimo ya udongo yale tuliyoweza. Vita vilirudi mara nyingine, kituo chetu kikahamishwa, nikazaa tena. Mama wa duka alikuwa akipiga simu kila Krismasi, akitaka asikie sauti ya mwanangu tu, na mimi nikae kando.

Siku tuliyopandisha vyandarua mlimani, nyumba ya juu kabisa ilikuwa ya mama mmoja kijana mwenye mapacha. Alikipokea chandarua kwa adabu, akakikunja, akakiweka juu ya dari pamoja na mbegu za maharagwe. Nilimwuliza kwa nini.

"Muganga, hapa iko baridi. Mbu watatafuta nini?"

Mvua ilikuwa imeanza, na hatukuweza kushuka. Aliingiza magunzi motoni, akatuchomea mahindi. Tulikaa kandokando ya moto, nikamhadithia habari za mtoto mmoja wa baridi, aliyelala mikononi mwa mama yake na viganja vyeupe. Sikumwambia ni wa nani. Alisikiliza, akageuza hindi, akageuza tena. Kisha akainuka, akapanda juu ya kinu, akakiteremsha kile chandarua, akaniuliza kamba hufungwa wapi.